Mbwa Aliyeitwa Sikutaki

Paukwa!

(Pakawa!)

Pakawa mbwa mmoja mnene na wazee wawili waliokonda kwa kiburi. Sogeeni karibu. Wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka, upepo unaniumiza mgongo.

Kabla sijaanza nawaomba kitu. Nikisema "Mbwa huyo," ninyi nijibuni "Tipi tipi tipi." Hiyo ndiyo sauti ya nyayo zake juu ya mawe. Tujaribu. Mbwa huyo!

(Tipi tipi tipi!)

Vizuri. Na mkiona narefusha maneno, mmoja wenu apige miayo, nitaelewa. Ukoo wetu ni wa watu wasiojua kunyamaza. Huyu ninayemsimulia leo ndiye aliyetuachia ugonjwa huo. Alikuwa baba wa bibi yangu, na jina lake Mwanyumba. Hadithi hii aliisimulia mwenyewe mpaka meno yakamwisha, na kila aliposimulia alijicheka yeye kwanza, kabla mtu mwingine hajapata nafasi. Mimi naifuata kama alivyoiacha.

Basi ilikuwa siku za nyuma sana, bibi yangu Mghoi hajaota meno. Palikuwa na kijiji milimani. Kijiji kilikaa juu ya migongo miwili ya mlima, na katikati kilipita kijito. Ndani ya kijito palikuwa na mawe ya kuvukia. Upande huu nyumba, upande ule nyumba. Upande huu moshi, upande ule moshi.

Upande huu alikaa Mzee Mwanyumba. Watu wakigombania mpaka wa shamba, walikwenda kwa Mwanyumba. Mke akikosana na mume, walikwenda kwa Mwanyumba. Mbuzi akila maharage ya jirani, mwenye mbuzi na mwenye maharage, kwa Mwanyumba. Mzee alisikiliza. Akakohoa. Akanusa ugoro. Akasema.

Na akisema, alisema. Alianzia kwa mababu, akapitia kwa wajomba, akateremka mpaka bondeni, akapanda tena. Jua lilimkuta akisema, jua likamwacha akisema. Hukumu zake zilikuwa za haki, hilo hakuna aliyelikataa. Ila watu walizipokea wakiwa na njaa.

Mzee huyo hakupenda mbwa. Alisema mbwa anakula asicholima, anambwekea mgeni na kumnyamazia mwizi. Alilisema hilo barazani, alilisema shambani, akalisema hata kwenye harusi za watu. Kijiji kizima kilijua: kwa Mwanyumba mbwa haingii.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha huko juu kupita kiasi. Kijito kikavimba, kikanguruma, kikabeba miti. Mwanyumba akashuka kuangalia. Ukingoni aliwakuta kina mama na nguo zao za kufua, wakingoja maji yapungue. Akaona amepata wasikilizaji. Akaanza kuwaeleza kwamba haya si mafuriko, mafuriko yalikuwa zamani za baba yake, maji yalikuwa mapana hivi. Akanyoosha mikono yote miwili kuonyesha upana. Kibuyu chake cha ugoro alikuwa amekibana kwapani.

Chubwi!

Mwanyumba akakifuata. Hakufikiri. Alisema baadaye kwamba angefikiri angekumbuka kuwa hajui kuogelea. Maji yakamtwaa miguu, puu, yakamviringisha, yakamtupa kwenye gogo lililokwama kati ya mawe. Akalishika gogo. Akanyoosha mkono mwingine, akashika mzizi uliolowa. Mzizi ukalia.

Haukuwa mzizi. Ilikuwa shingo ya mbwa. Mbwa huyo naye alikuwa amekokotwa na maji kutoka sijui wapi, amekwama pale juu ya gogo, anatetemeka. Alipoona mtu amemng'ang'ania, akaruka majini kuelekea ukingoni. Akapiga maji kwa miguu yote minne, na mzee amening'inia shingoni kama mzigo. Wakatokea mahali penye maji mafupi. Mwanyumba akasimama. Mikono ilikuwa imemkakamaa kwa baridi, akashindwa kuifungua. Hivyo akapanda ukingo amemkumbatia mbwa kifuani.

Kina mama wakapiga vigelegele. Jirani yake mmoja, mjane aitwaye Wakesho, akasema kwa sauti kwamba leo ameona utu kwa macho yake, mzee mzima amejitosa kwenye mafuriko kwa ajili ya mbwa.

Mwanyumba akafungua mdomo. Palikuwa na nafasi ya kusema, "Mimi nilifuata ugoro." Palikuwa na nafasi ya kusema, "Huyu ndiye aliyenitoa mimi." Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikosa maneno. Akafumba mdomo, akaelekea nyumbani, maji yakimchuruzika. Na nyuma yake, mbwa huyo!

(Tipi tipi tipi!)

Mkewe, Mkawasi, alikuwa mlangoni. Akamtazama mume, akamtazama mbwa. Akauliza kibuyu kiko wapi. Mzee akasema kimekwenda na maji. Akauliza, na hayo maji yamekupa nini badala yake. Mzee akaonyesha kwa kidole. Mkawasi akacheka mpaka akashika ukuta.

Mwanyumba akamgeukia mbwa. "Sikutaki," akasema.

Mbwa akatikisa mkia.

"Sikutaki."

Mbwa akaketi.

Asubuhi yake mzee akatoka nje, akamwona bado yupo, akasema tena vilevile, na mbwa akaja mbio. Ikawa ndilo jina. Yeye mwenyewe hakukusudia kumpa jina. Mbwa ndiye aliyelichukua.

Sikutaki alikuwa wa rangi ya udongo mwekundu, sikio moja limechanika. Shingoni alikuwa na alama ya kamba, mahali ambapo manyoya hayakuota tena. Kuna mtu alimfunga mahali, akamwacha. Na aliogopa fimbo. Mwanyumba alikuwa na fimbo yake ya uzee, aliyozoea kuonyeshea vitu: shamba la fulani lile, njia ya fulani ile. Kila alipoinyanyua, mbwa alilala chini, akajibana na ardhi kama anataka kuingia ndani yake. Siku moja mzee akaiegemeza fimbo nyuma ya mlango, akaanza kuonyesha vitu kwa kidevu. Watu walimuuliza fimbo imekwenda wapi. Akasema imekuwa nzito. Akatembea bila fimbo, akajikwaa, akaanguka, akainuka, na bado akashikilia kwamba imekuwa nzito.

Sasa lile jina likaleta kesi. Kila jioni mzee alisimama uwanjani kumwita mbwa wake. Sikutaki! Sikutaki! Na mbele ya uwanja huo ndipo ilipokuwa nyumba ya Wakesho, yule mjane. Wakesho alivumilia, alivumilia, mwisho akajifunga kanga ya heshima, akaja barazani kushtaki. Akasema mbele ya watu kwamba yeye hajapata kumtaka Mwanyumba, wala hana mpango wa kumtaka, basi kwa nini anatangaziwa kila jioni kwamba hatakiwi?

Mzee akajihukumu mwenyewe. Akamlipa Wakesho mkungu wa ndizi na kuomba radhi. Akajaribu kumbadilishia mbwa jina. Mbwa akakataa. Ikabidi mzee azunguke nyuma ya nyumba kila jioni, aite akiwa ameelekea kwenye migomba.

Barazani nako, mbwa alijiwekea mahali pake. Watu wakija na mashauri yao, Sikutaki alijilaza miguuni pa mzee. Mwanyumba akianza na mababu, mbwa alisikiliza, masikio juu. Akifika kwa wajomba, masikio yalishuka. Akianza kuteremka bondeni, mbwa alifungua kinywa mpaka mwisho, aaawu, akapiga miayo. Akainuka, akajinyoosha, akatoka nje. Na watu, ambao walikuwa wametamani kutoka miaka yote ile, wakaona njia imefunguliwa. Mmoja akaaga, wa pili akaaga. Mwanyumba akabaki na walalamikaji peke yao.

Mwanzoni alikasirika. Kisha akaanza kufupisha. Akawaacha wajomba. Akaacha kushuka bondeni. Mwisho ikawa anasikiliza sana, anasema maneno machache, na kabla mbwa hajafungua kinywa, watu wameshapeana mikono. Sifa zake zikavuka milima. Watu wa mbali wakaja, wakasema Mwanyumba amezeeka akawa na hekima mpya, maneno mafupi, makali kama mundu. Alizipokea sifa hizo huku amemtazama mbwa pembeni, kama mwizi anayemtazama mwenye mali.

Sasa nifike mahali penyewe.

Mzee huyu aliyepatanisha kijiji kizima alikuwa na mdogo wake. Jina lake Mwakio. Tumbo moja, titi moja. Mwakio alikaa upande ule wa kijito, mlango wake unaonekana kutoka uwanja wa Mwanyumba. Na ndugu hao walikuwa hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja aliangalia ndege, mwingine aliangalia chungu.

Ugomvi wenyewe ulitokea siku ya mazishi ya baba yao. Mwakio ndiye aliyemuuguza baba mpaka pumzi ya mwisho, Mwanyumba akiwa safarini kuamua kesi za watu. Siku ya kuzika, desturi ilikuwa mkubwa aseme, kisha mdogo aseme. Mkubwa akasema. Mnamjua. Alisema mpaka mawingu yakakusanyika, akasema mpaka mvua ikashuka, watu wakakimbilia majumbani wakijifunika majani ya migomba. Mwakio alibaki kando ya kaburi na maneno yake mdomoni, hana wa kumwambia. Akamwambia kaka yake, "Umechukua hata zamu yangu ya kumlilia baba." Na Mwanyumba, badala ya kusema pole, akamjibu kwamba angejifunza kusema kwa haraka.

Jibu gani hilo? Mzee mwenyewe alipofika hapa katika kusimulia, alijipiga kofi kwenye paji la uso, pa! Akasema kijiji kizima kilikuwa kinakuja kuazima akili kwake, na yeye hakuwa na akili ya kutumia mwenyewe.

Miaka ikapita. Hakuna kati yao aliyevuka mawe.

Isipokuwa mbwa huyo!

(Tipi tipi tipi!)

Kila asubuhi Sikutaki alikunywa maji, akajikuna, akaondoka. Jioni akarudi. Mwanyumba hakujua anakokwenda. Alidhani anawinda panya, akamsifu kwa bidii. Mpaka siku mbwa alipotoka akichechemea, amechomwa na kitu kwenye wayo wa mbele, na jioni akarudi mguu umefungwa. Majani yaliyopondwa, juu yake gome laini la mti, juu yake fundo.

Mwanyumba akainama kulitazama fundo. Akalijua. Lilikuwa fundo la kufungia mizinga ya nyuki juu ya mti, ambalo baba yao aliwafundisha wao wawili, na hakumfundisha mtu mwingine.

Mkawasi alimwona amechuchumaa pale muda mrefu, ameshika mguu wa mbwa kama mtu anayesoma mkono wa mgonjwa. Akamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, fundo tu.

Alijua sasa kwamba mbwa wake ana nyumba ya pili. Mnafikiri alifanya nini? Alivuka akashukuru? Hapana. Alikwenda jikoni, akamwambia mkewe mbwa apewe chakula kizuri, asije akaenda kwa watu na mbavu nje, wakasema kwa Mwanyumba kuna njaa. Mbwa akala maharage yenye samli, akavuka. Mwakio naye akaona mbwa anakuja ameshiba, midomo inang'aa. Akaona anadharauliwa. Akampa nyama ya kukausha. Mbwa akarudi ananuka nyama. Mwanyumba akachinja kuku. Mwakio akatoa asali.

Hivyo ndivyo ndugu wale walivyogombana kupitia tumbo la mbwa. Sikutaki akanenepa. Akawa kama pipa lenye miguu. Tipi tipi tipi ikageuka ikawa tupu, tupu, tupu. Mkawasi akasema kwa upole, huku anakoroga mchicha, kwamba angependa na yeye agombaniwe namna hiyo angalau wiki moja.

Kisha ukaja msimu wa baridi, na mbwa hakurudi. Jioni ya kwanza Mwanyumba aliita nyuma ya nyumba. Jioni ya pili aliita. Akasema basi, amehamia kwa waliompa asali, na aende, mbwa ni mbwa. Akala chakula chake akiwa amekunja uso. Wakesho ndiye aliyeleta habari kutoka upande ule: Mwakio anaumwa, homa imemlaza, na yule mbwa amejilaza juu ya miguu yake, hatoki hata kula.

Mkawasi akapika uji, akajitwisha, akavuka. Kabla hajatoka akamtazama mumewe, akangoja. Mwanyumba akasema kuna kesi ya mbuzi asubuhi hiyo, watu watakuja. Mkawasi akaenda peke yake. Siku zote za ugonjwa alikwenda peke yake. Mzee alikaa uwanjani, ameelekeza kigoda upande wa mlango wa mdogo wake, akihesabu moshi. Moshi ukitoka alipumua. Ukichelewa alisimama. Lakini mguu wake haukugusa mawe. Na kesi ya mbuzi aliiamua vizuri kabisa. Aliwaambia walalamikaji kwamba ujirani ni mkubwa kuliko mbuzi. Wakaondoka wakimsifu.

Mwakio akapona. Sikutaki akarudi, amekonda. Akapita mbele ya mzee bila kusimama, akaenda kulala chini ya ghala. Mzee alisema hajapata kuhukumiwa kwa maneno machache kiasi kile.

Hata mbwa hawezi kuukimbia umri. Manyoya ya midomo yakawa meupe. Macho yakaingia ukungu. Kwenye mawe alianza kusimama, kunusa, kufikiri, ndipo akavuka. Mwanyumba alimwangalia kutoka juu, roho mkononi, mpaka amwone amefika ng'ambo. Hakujua kwamba upande ule pia kuna mtu amesimama mlangoni, anaangalia hivyohivyo.

Jioni moja hakuonekana. Mzee akaita, akaita. Mwisho hata hakukumbuka kuzunguka nyuma ya nyumba, aliita akiwa uwanjani mbele ya watu wote, na Wakesho hakulalamika. Asubuhi, jua linachomoza, Mkawasi akamwambia, "Baba Mghoi, nenda." Akaenda.

Pale kwenye mawe, upande wa ng'ambo, kwenye majani mafupi, alimkuta Mwakio ameketi. Sikutaki alikuwa amelala ubavu karibu naye, kama alivyozoea kulala wakati wa jua. Lakini inzi walimtua sikioni, na sikio halikutikisika.

Mwanyumba akasimama kwenye jiwe la kati. Maneno yake ya kwanza kwa ndugu yake, baada ya miaka yote ile, yalikuwa haya: "Huyo ni wangu."

Mpaka anakufa alisema anatamani angeyachagua vizuri zaidi.

"Huyu ni Mgeni," akasema Mwakio. "Mchana anakaa kwangu."

"Anaitwa Sikutaki. Jioni anarudi kwangu."

Mwakio akainua uso. "Ulimpa jina hilo?"

"Nilimpa."

"Na akakaa?"

"Akakaa."

Kijito kikapita.

Kisha wakabishana azikwe wapi. Naam, walibishana. Wazee wawili wenye mvi, mbwa amelala katikati yao, huyu anasema upande huu, yule anasema upande ule. Kilichowapatanisha ni migongo yao. Upande wa Mwanyumba palikuwa na mwamba, na hakuna kati yao aliyekuwa na mgongo wa kuchimba mwamba. Wakachimba upande wa Mwakio, kwenye udongo laini. Huyu akichimba, yule anapumua. Yule akichimba, huyu anapumua. Wakamteremsha. Wakamfunika.

Mwanyumba akajipangusa mikono, akakohoa. Akaanza. "Mbwa huyu, tangu mwaka ule wa mafuriko, na mafuriko yale hayakuwa kama yale ya zamani za baba, kwa sababu wakati ule..."

Akasikia kimya. Hakuna aliyepiga miayo. Hakuna aliyeinuka kujinyoosha. Akajitazama miguuni, hakuna kitu. Maneno yakamkauka.

Akamgeukia Mwakio. "Sema wewe, mdogo wangu. Mimi nitasikiliza."

Mwakio akajipangusa udongo. Alikuwa mtu wa maneno taratibu. Akasema kwamba alipokuwa na homa, na ameshakata tamaa, mbwa huyu alikuja akamlalia miguuni, akampa joto. Akasema yeye aliwaza moyoni, kaka yangu ameshindwa kuja, lakini amemtuma mbwa wake. Na wazo hilo ndilo lililomtoa kitandani.

Hapo, wanangu, palikuwa na sifa nyingine ya bure, imewekwa mkononi mwa mzee, kama ile ya siku ya mafuriko. Angenyamaza tu, ingekuwa yake.

"Sikumtuma," akasema. "Alikuja mwenyewe. Mimi nilikaa nyumbani."

"Najua," akasema Mwakio. "Shemeji aliniambia. Lakini nilipenda kuwaza hivyo, nikaendelea kuwaza." Akaokota kokoto, akaiweka juu ya udongo. "Na siku ile tulipomzika baba, nilikuwa na neno moja tu. Si langu, lilikuwa lako. Baba alinituma."

Mwanyumba akaitazama ile kokoto.

"Alisema, mwambie kaka yako namsikia hata akisema kidogo."

Mwanyumba akaketi chini palepale, kwenye udongo mbichi. Akalia. Alimlilia mbwa, akamlilia baba yake, akazililia zile asubuhi za uji alizomwachia mkewe abebe. Mwakio akamwacha alie, kisha akamshika mkono, akampandisha mpaka kwake. Wakanawa. Wakala viazi vilivyolala, wala hakuna aliyeuliza vina asali au havina.

Kijiji kilicheka, kwa nini kisicheke? Mwanyumba, mwenye baraza, amefiwa na mbwa. Wengine walikuja kumpa pole huku wameng'ata midomo wasicheke. Akawapokea. Akawakalisha. Akawasimulia habari ya kibuyu cha ugoro, kwamba hakumwokoa mbwa hata kidogo, mbwa ndiye aliyemtoa majini yeye akining'inia kama kupe. Wakesho, aliyemsifu siku ile, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akawa analia kweli, na hakuna aliyejua alipovukia mpaka. Watu waliacha kung'ata midomo. Kila mmoja akawa na lake la kusema: alivyompokea kutoka shambani, alivyoiba samaki, alivyomlalia mtoto kivulini. Ilikuwa matanga kamili, ila hakuna aliyethubutu kuyaita matanga.

Baraza liliendelea. Mwakio aliwekewa kigoda chake, na mashauri yakaamuliwa na wawili. Wakigombana wao kwa wao, waliamuliwa na Mkawasi.

Siku chache baada ya mazishi, jua linaelekea kuzama, Mwakio alipakua chakula chake. Mkono wake ukamega tonge la ugali na kuliweka pembeni, kama ulivyozoea. Akasahau. Akasimama mlangoni, akaangalia mawe, akaita, "Mgeni! Mgeni we!"

Kisha akakumbuka. Akabaki na mkono juu ya kizingiti, hajui auweke wapi.

Na kutoka chini, kwenye njia ya kijito, pakasikika kikohozi. Alikuwa kaka yake anapanda, bila fimbo, anashika majani ili asianguke, pumzi zimemwisha.

"Nakuja," akasema Mwanyumba. "Nipe nafasi nipumue."

Ninachowaambia ni hiki, wanangu. Kama una ndugu ng'ambo ya kijito, vuka mwenyewe. Mwambie jambo dogo, au kaa kimya karibu naye, atakusikia. Usimwachie mbwa kazi hiyo, maana mbwa atavuka kila siku bila kukusemea, na mbwa haishi muda mrefu.

Basi, mimi ngano yangu nimeifikisha ukingoni, naiacha hapo. Mwenye ndugu aondoke sasa, njia bado inaonekana.